Muulize Fundi wa Matangi: Manholi ya milimita 500 inatosha?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za manholi, lile tundu la mviringo lenye mfuniko wa bolti ubavuni mwa tangi la chuma. Nimechagua nne. Tatu nimezijibu kwa urefu kwa sababu zinagusa uhai wa watu, na ya mwisho haikuhitaji maneno mengi.

Shikamoo mama. Mimi ni mhandisi, nina miaka michache kazini. Nimepewa kuchora tangi la dizeli la kuchomelea, kipenyo mita 10, kimo mita 8. Nimeweka manholi mbili ukutani za milimita 600 na moja paani. Mteja anataka moja tu ukutani, tena ya milimita 500. Anasema mafundi wake ni wembamba, wanapita bila shida. Nimjibuje bila kuonekana mbishi?
*Mhandisi mwenye mteja mgumu*

Marahaba mwanangu. Anzia hapo hapo alipoanzia yeye, kwa hao mafundi wembamba. Ni kweli wanapita. Mtu mzima mwenye fahamu zake huingiza mkono mmoja kwanza, akapinda bega, akatoa pumzi, akajivuta. Sasa muulize: akizimia ndani, nani atampinda bega? Mtu aliyezimia mikono inaning'inia, kichwa kinalegea, na uzito wake wote unalala kwenye ukingo wa chini wa tundu. Amevaa mkanda wa kuokolea wenye vikuku mgongoni. Na anayemfuata ana mtungi wa hewa mgongoni, hawezi kuuvua maana ndio anaoupumulia.

Kwa hiyo mimi ninapochora manholi ninamchorea anayetolewa. Anayeingia atajitafutia njia.

Kiwango ambacho wengi wetu tunakitumia kwa matangi ya kuchomelea, API 650 cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, kinatoa saizi nne za manholi ya ukutani: milimita 500, 600, 750 na 900. Ya 500 imo, kwa hiyo mteja wako hajavunja kiwango. Lakini mwongozo wa Uingereza wa kazi katika sehemu finyu unasema tundu la mviringo linalomruhusu mwokoaji apite na vifaa vyake vyote, mtungi wa hewa ukiwemo, lisipungue milimita 575. Saizi ya kwanza inayovuka hapo ni 600.

Akiendelea kubisha, acha maneno. Chukua plaiwudi, kata matundu mawili, moja la 500 na moja la 600, isimamishe kwenye fremu, ukingo wa chini ukiwa sentimita 45 kutoka chini. Mvalishe mmoja wa hao mafundi wembamba mtungi wa hewa, umwambie apite. Kwenye 600 atainama, atalalamika kidogo, atapita. Kwenye 500 kifua kikishaingia, mtungi unagota ukingo wa juu. Akishuka ili mtungi upite, kifua kinabana ukingo wa chini. Atarudi nyuma, atavua mtungi, ataushika mkononi mbele yake. Mteja akiona pale mtu anavyouvua, huna haja ya kuongeza neno.

Hoja ya kwamba 500 ni nafuu nayo ipime. Manholi ya 500 na ya 600 zote zina bolti 28 za milimita 20. Tofauti ni chuma kidogo kwenye shingo (bomba fupi la manholi), pedi (bamba la kuimarisha ukuta kuzunguka tundu) na mfuniko. Kwa chuma hicho kidogo eneo la kupita linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40.

Na kama atakuja na wazo la kupunguza bolti, maana wengi hupenda kuhesabu hivyo, mpe hesabu hii. Siku ya kujaribu tangi kwa maji, kitovu cha manholi kikiwa milimita 750 juu ya sakafu, kina cha maji juu yake ni mita 7.25. Presha hapo ni kilopaskali 71 hivi. Zidisha kwa eneo la tundu la 600, unapata kilonyutoni 20, yaani uzito wa tani mbili unaosukuma mfuniko. Ukigawa kwa bolti 28 kila moja inabeba kilo 70 na ushee, mzigo mdogo sana kwa bolti ya milimita 20. Ndipo mtu atasema tuweke 14. Bolti haziko pale kwa ajili ya kuzuia mfuniko usiruke tu. Kazi yake kubwa ni kuibana gasketi, kile kitandiko laini cha kuzuia uvujaji, sawasawa pande zote. Duara la bolti la manholi hii lina kipenyo cha milimita 768, kwa hiyo kutoka bolti hadi bolti ni kama milimita 86. Ukiondoa nusu, nafasi inakuwa 172, mfuniko unajikunja kidogo katikati ya bolti na bolti, na dizeli inachuruzika hapo. Dizeli inapenya mahali ambapo maji yalikaa kimya siku ya majaribio.

Kuhusu idadi: usikubali moja. Manholi mbili zikitazamana, moja upande huu na nyingine upande wa pili, unafunga feni kwenye moja na hewa inavuka tangi zima kutokea ya pili au ya paani. Manholi moja ikiwa na feni mdomoni, mtu anapitia wapi? Na bomba la feni likishaingizwa humo, tundu la 600 limekuwa si la 600 tena. Nimeona michoro yenye manholi mbili ukutani lakini zimepangwa karibu karibu, upande mmoja, kwa sababu ngazi iko huko. Hewa inaingia hapa na kutoka pale, nusu ya tangi haijaguswa.

Nje ya manholi acha uwanja. Mfuniko wa 600 una kipenyo cha milimita 832. Ukiwa na unene wa 12 unavuka kilo 50. Weka mkono wa kuubeba, ule unaozunguka kwenye bawaba, na uchore njia yote mfuniko unapopita ukifunguka. Ikiwa kuna bomba au reli ya ngazi katika njia hiyo, mfuniko utafunguka nusu na mtu atapenya ubavu ubavu. Pawepo na nafasi ya kulaza machela na watu wawili wa kuishika.

Jambo moja la ndani ambalo vijana wanalisahau. Kitovu kikiwa 750 na tundu ni 600, ukingo wa chini uko milimita 450 juu ya sakafu. Katika tangi lako la mita 10, kimo hicho ni mita za ujazo 35 za dizeli zinazobaki hata manholi ikiwa wazi. Maana yake unahitaji shimo la kukusanyia na bomba la kutolea lililo chini kabisa, la sivyo watu wataingia kuzoa kwa ndoo. Chomelea na kishikio juu ya tundu upande wa ndani, na kipandio chini yake, maana anayetoka ana matope kwenye viatu.

Mengine ni ya siku ya kuingia wala si ya kuchora, lakini yaandike kwenye karatasi zako. Kabla ya kufungua, hakikisha kimiminika kiko chini ya ukingo wa tundu, na usiamini geji peke yake. Legeza nati za upande wa chini kwanza huku za juu zikiwa zimeshika, ili kama kuna kitu nyuma kikuonyeshe taratibu. Pima hewa juu, katikati na chini: oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, na mvuke unaowaka usifike asilimia 10 ya kile kiwango cha chini cha kushika moto. Hata tangi la maji safi lililofungwa muda mrefu si la kuaminiwa. Kutu inakula oksijeni, na chuma kikiwa na kutu ndani ya chumba kisicho na hewa ya kupita, kinakuachia hewa isiyofaa kupumuliwa, bila harufu yoyote ya kukuonya.

Shikamoo mama. Mimi ni mchomeleaji. Kwenye pedi ya manholi kuna katundu kadogo ka milimita 6 nilikotoboa kama mchoro ulivyosema. Msimamizi wetu ameniambia nikazibe kwa weldi, nisage kwa grainda, tupake rangi. Anasema mkaguzi akikaona ataandika kasoro. Nifanye nini?
*Mchomeleaji*

Marahaba baba. Usikazibe. Mkaguzi anayejua kazi akikuta hakapo ndipo ataandika kasoro.

Ngoja nieleze ili nawe ukamweleze msimamizi kwa heshima. Ukikata tundu kwenye ukuta umeondoa chuma kilichokuwa kinabeba nguvu. Pedi inarudisha chuma hicho. Kanuni ya API 650 ni nyepesi kuikumbuka: kimo cha tundu lililokatwa ukutani, zidisha kwa unene wa bamba la ukuta, hilo ndilo eneo la chuma unalodaiwa. Tundu la milimita 630 kwenye bamba la 6 linadai milimita za mraba 3,780, na chuma hicho kinahesabiwa tu kikiwa karibu na tundu, si mbali zaidi ya kipenyo kimoja kutoka kitovuni kwenda juu au chini. Shingo inalipa kidogo, pedi inalipa sehemu kubwa. Ndiyo maana ukiitazama pedi, kipenyo chake kinakaribia mara mbili ya tundu.

Sasa pedi umeichomelea kuzunguka shingo kwa ndani na kuzunguka ukuta kwa nje. Kati ya pedi na ukuta kuna uwazi mwembamba, hata kama umeikunja pedi vizuri ikafuata mviringo wa tangi. Hewa iliyonaswa humo, pasipo katundu, haina pa kwenda; kuitoa ndiyo kazi ya kwanza ya katundu. Unapofunga mshono wa mwisho, hewa hiyo imepata moto, imepanuka, inatafuta njia, na njia rahisi ni kupitia chuma ambacho bado ni majimaji chini ya elektrodi yako. Ndipo unapata kitundu cha gesi mwishoni mwa mshono, unasaga, unachomelea tena, kinatokea tena pale pale. Umewahi kulaumu elektrodi kwa jambo hilo? Wengi wanazilaumu. Na kama sehemu hiyo itapelekwa tanuruni kwa joto la nyuzi 600 na zaidi ili kulegeza mikazo ya weldi, hewa iliyofungiwa humo presha yake inapanda mara tatu. Pedi inatuna.

Kazi ya pili ni majaribio. Kabla tangi halijajazwa maji, unafunga nipeli (kiungio cha bomba la hewa) kwenye katundu hako, unaingiza hewa hadi kilopaskali 100, si zaidi. Halafu unapaka povu la sabuni kwenye mshono wa nje wa pedi, mshono wa pedi na shingo, na ukiingia ndani unapaka mshono wa shingo na ukuta. Usipite mbio mbio. Paka kipande kifupi, simama, mulika kwa tochi ya pembeni. Uvujaji mkubwa unapuliza povu lote, huo hata mtoto anauona. Mdogo ndio mgumu: vipovu vyeupe vidogo vidogo kama punje, vinaota taratibu mahali pamoja na kuongezeka wakati wewe umeshasogea mbele. Kwa hiyo rudi nyuma kila mara utazame ulikotoka. Na mshono ule wa shingo uwe umekaguliwa hata kabla pedi haijawekwa, kwa sababu pedi ikishakaa umeufunika.

Kazi ya tatu inaendelea miaka yote. Mshono wa ndani ukipasuka siku moja, kimiminika kitapita nyuma ya pedi na kutokea kwenye katundu. Mlinzi akizunguka tangi asubuhi ataona mstari wa unyevu unashuka kutoka hapo. Msimamizi wako akikaziba, kimiminika kitabaki kimejificha kati ya mabamba mawili kikisubiri mtu aje na tochi ya kukatia.

Kama wasiwasi wake ni mvua kuingia na kutu, pakeni grisi nzito kwenye katundu. Grisi inasukumwa na presha ndogo tu. Na pedi ikiwa ya vipande viwili, kila kipande kiwe na katundu kake.

Mimi ningekuwa wewe ningefungua mchoro mbele ya msimamizi, nikaweka kidole kwenye alama, nikanyamaza.

Shikamoo mzee. Tuna tangi la zamani la maji, la chuma, ukuta wa milimita 6. Kusafisha ni taabu kwa sababu manholi ni ndogo. Tunataka tukate mlango wa kusimama, upana milimita 600 na kimo 1,200, pembe za mraba, ili watu waingie wima na toroli ipite. Tunauimarishaje?
*Wasafishaji*

Marahaba, ingawa mimi ni mama. Mlango huo msiukate.

Ukuta wa tangi la mviringo unavutwa kwa mlalo. Maji yanasukuma nje, bamba linanyooka kuzunguka tangi, na nguvu hiyo inapita ndani ya chuma kutoka kushoto kwenda kulia. Ikikuta tundu inagawanyika, nyingine inapita juu na nyingine chini, kama maji ya mto yanavyozunguka jiwe, na pale inapobanana ukingoni mkazo unapanda. Mwaka 1898 Mjerumani Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba tundu la mviringo katika bamba pana linalovutwa huzidisha mkazo mara tatu ukingoni. Mwaka 1913 Mwingereza Inglis akafanya hesabu ya tundu la umbo la yai. Jibu lake linawahusu ninyi moja kwa moja. Tundu la yai la 600 kwa 1,200 likilala, kirefu chake kikifuata mlalo, mkazo ukingoni unazidi mara mbili tu. Tundu hilo hilo mkilisimamisha, unazidi mara tano. Na hilo ni yai lenye kingo laini. Pembe za mraba ni mbaya kuliko hapo. Kadiri pembe inavyokuwa kali ndivyo mkazo unavyopanda, na ndipo ufa unapoanzia.

Rudini kwenye kanuni ya deni niliyomwandikia mchomeleaji: inahesabu kimo cha tundu, siyo upana. Kimo cha 1,200 kwenye bamba la 6 kinadai milimita za mraba 7,200. Cha 600 kinadai 3,600. Mlango wa kusimama ni ghali maradufu kwa upana ule ule.

Kuna milango halali ya mraba inayokaa sawa na sakafu, ya kusafishia, hadi 1,200 kwa 1,200. Lakini pembe zake za juu ni za duara, chini yake kuna bamba nene la kuimarisha sakafu, na API 650 inataka fremu yote pamoja na bamba la ukuta linaloizunguka ipelekwe tanuruni kabla ya kufungwa kwenye tangi. Kwa tangi lililosimama tayari hiyo ni kuondoa bamba zima la ukanda wa chini na kuingiza jipya. Inafanyika, ila si kazi ya tochi na mchana mmoja.

Ushauri wangu: wekeni manholi ya mviringo ya 900. Ina bolti 42, na mfuniko wake ukiwa wa unene wa 14 unavuka kilo 100, kwa hiyo mkono wa kuubeba ni lazima. Toroli haitapita, lakini mtu aliye ndani atampa ndoo aliye nje bila kujikunja. Kabla ya kukata pimeni unene halisi wa bamba kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, hasa chini ambako mashapo hulala, maana bamba la 6 la zamani huenda sasa ni la 4. Mkae mbali na mishono ya zamani. Kwa bamba jembamba kama lenu ukingo wa weldi ya pedi usiukaribie mshono wa wima wa ukuta kwa chini ya milimita 150. Na mhandisi aweke sahihi yake kwenye hesabu kabla tochi haijawashwa.

Nawaambia kwa ukali kwa sababu sehemu ya chini ya ukuta, penye tundu, ndipo panapobeba presha kubwa kuliko kwingine. Tarehe 15 Januari 1919 tangi la molasi la Boston, Marekani, la kimo cha mita 15, lilipasuka likaua watu 21. Lilikuwa la ribiti (mabamba yameunganishwa kwa misumari ya chuma iliyopondwa), si la kuchomelea, na mabamba yake yalikuwa membamba kuliko mzigo ulivyotaka. Ufa inadhaniwa ulianzia karibu na manholi ya chini.

Mama, gasketi ya manholi ya dizeli tukiifungua ikiwa bado nzima, tuirudishe?
*Stoo*

Hapana. Ikishabanwa mara moja imeshachukua umbo la ile flanji (ukingo bapa unaopokea bolti) pale pale ilipokaa, na ukiigeuza kidogo tu mistari haikutani. Wekeni mpya ya milimita 3, ya mpira wa naitraili. Mpira wa asili ukikaa kwenye dizeli unavimba. Kwangueni flanji zote mbili, pakeni grisi uzi wa bolti, kazeni kwa kuvusha upande hadi upande kwa awamu. Siku ya pili, kabla ya kujaza, zungukeni tena na spana. Nati kadhaa zitakuwa zimelegea.